Bagnold: Mwanajeshi wa jangwani ambaye hesabu zake za mchanga zilifika Mirihi

WATALII wanaofika Bonde la Oldupai, katika Hifadhi ya Ngorongoro mkoani Arusha, mara nyingi hupelekwa pia kuona tuta la mchanga mweusi ambalo halikai mahali pamoja. Ni majivu ya volkano yaliyotoka katika mlima wa Ol Doinyo Lengai, yakakusanywa na upepo wa mashariki hadi yakapata umbo la hilali. Tuta hilo husogea kuelekea magharibi kwa takriban mita 17 kila mwaka bila kusambaratika, na vigingi vilivyosimikwa nyuma yake huonyesha mahali lilipokuwa katika miaka iliyopita.

Kwa Wamasai mahali hapo ni patakatifu. Kwa wanajiolojia ni moja ya sehemu chache za Afrika Mashariki ambako mtu anaweza kusimama na kuona kwa macho yake jinsi upepo unavyojenga kilima, ukakibomoa upande mmoja na kukijenga upya upande wa pili.

Mwishoni mwa mwaka 2015, gari la utafiti la Marekani liitwalo Curiosity lilisimama mbele ya matuta yanayofanana na hilo. Nayo ni meusi, ni ya mchanga wa volkano, na huhamishwa na upepo. Tofauti ni kwamba matuta hayo yako katika sayari ya Mirihi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Mars, ambako nguvu ya uvutano ni takriban asilimia 38 tu ya ile ya Dunia na hewa ni nyembamba mno.

Wanasayansi waliyapa matuta hayo jina la Bagnold. Mwenye jina hilo alikuwa amefariki dunia miaka 25 kabla ya gari hilo kufika hapo. Hakuwa profesa, wala hakupata kuajiriwa kufundisha chuo kikuu chochote. Alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, tena aliyestaafishwa mapema kwa sababu ya maradhi.

Ralph Alger Bagnold alizaliwa Aprili 3, 1896 huko Devonport, mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi wa jeshi aliyeshiriki msafara wa mwaka 1884 na 1885 wa kwenda kumwokoa Jenerali Gordon mjini Khartoum, na baadaye alisimamia kazi ya kuliinua sanamu kubwa la Farao Ramses wa Pili huko Memphis, Misri. Sehemu ya utoto wa Ralph ilipita Jamaika, alikohamishiwa baba yake. Dada yake, Enid, alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya.

Kijana huyo alifuata nyayo za baba yake. Alipitia chuo cha kijeshi cha Woolwich, akapewa cheo cha ofisa katika kikosi cha wahandisi mwaka 1915, kisha akapelekwa Ufaransa kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Alipona. Vita ilipomalizika alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akarejea jeshini katika kikosi cha mawasiliano, na mwaka 1926 akapangiwa kazi nchini Misri. Huko ndiko maisha yake yalikobadilika.

Maofisa wenzake wengi mjini Cairo walitumia likizo zao kwa michezo ya farasi na karamu. Bagnold na marafiki wachache walinunua magari ya Ford aina ya T, wakaanza kuyaendesha jangwani, kwanza Sinai, halafu magharibi ya Mto Nile, ambako matuta ya Bahari Kuu ya Mchanga yanaendelea kwa mamia ya kilometa hadi ndani ya Libya. Wakati huo iliaminika kuwa gari haliwezi kupita katika matuta hayo. Walijigharamia wenyewe.

Jangwa lile halisamehe kosa. Gari likizama kwenye mchanga laini mbali na kisima, kinachofuata ni kiu, na baada ya kiu ni kifo. Kwa hiyo Bagnold alilazimika kufikiri kama fundi. Dira ya kawaida huvurugwa na chuma cha gari, hivyo alitengeneza dira inayotumia kivuli cha jua. Maji ya rejeta yalikuwa yakichemka na kupotea hewani, naye akayaelekeza mvuke wake kwenye chombo kilichouwezesha kupoa na kurudi kuwa maji. Alipunguza upepo kwenye matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa zaidi, na alibeba mabamba ya chuma ya kutandika chini ya magurudumu yaliyokwama. Madereva wa malori wa leo wanaopita maeneo ya mchanga wanatumia mbinu hizo hizo, na wengi wao hawajawahi kumsikia mtu huyu.

Misafara mikubwa ilifanyika mwaka 1929, 1930 na 1932. Kwa kazi hiyo alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza mwaka 1934. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari zake na kuliita jangwa lile ulimwengu mfu. Jina hilo lina kasoro yake, maana Wabedui na Watebu walikuwa wamelijua na kulivuka kwa ngamia kwa vizazi vingi. Alichokileta Bagnold ni magari, ramani na, baadaye, vipimo.

Katika safari hizo jambo moja lilimkera. Kila alipopita aliona matuta yenye maumbo ya aina moja, hilali baada ya hilali, kana kwamba yamefinyangwa na mkono mmoja. Chembe za mchanga hazina akili wala hazizungumzi. Iweje upepo, ambao watu huudhania kuwa ni wa kutawanya, ukusanye mchanga mahali pamoja na kuupa umbo hilo hilo kila mara?

Aliuliza na kutafuta maandishi, hakupata jibu la kumtosheleza.

Jeshi lilimhamishia India, na baadaye Mashariki ya Mbali, ambako alipata ugonjwa wa utumbo uliomdhoofisha sana. Mwaka 1935 alistaafishwa akiwa na umri wa miaka 39. Mtu mwingine angeweza kutulia nyumbani na kungoja pensheni. Yeye alikwenda Chuo cha Imperial jijini London, akaomba nafasi katika maabara, kisha akajenga kwa mikono yake boksi refu la mbao za plaiwudi na vioo, lenye urefu wa takriban mita tisa, ambamo feni ilivuta hewa ipite juu ya mchanga. Kupitia vioo vile aliweza kuitazama chembe moja moja ikisafiri.

Aliyoyaona yalipingana na yale ambayo watu wengi waliyadhania. Vumbi jembamba kweli huelea na kubebwa mbali na upepo. Mchanga hauelei. Chembe ya mchanga huruka, hupaa kwa mwinuko mkali, husukumwa mbele na upepo ikiwa hewani, kisha hurudi chini kama risasi iliyochoka. Inapotua huzipiga chembe nyingine, nazo huruka na kuzipiga nyingine. Zile kubwa mno zisizoweza kuruka husukumwa taratibu kwa kugongwa. Bagnold alikadiria kuwa takriban robo ya mchanga wote unaohama husafiri kwa kugongwa namna hiyo, na robo tatu kwa kuruka. Ndiyo maana wingu la mchanga jangwani hubaki chini, kiasi kwamba mtu mzima anaweza kusimama kichwa na mabega yake yakiwa nje ya wingu hilo huku miguu yake ikichapwa.

Aidha, aligundua kuwa kuna mipaka miwili ya upepo. Upo upepo unaohitajika ili kuiinua chembe iliyolala tuli, na upo upepo mdogo zaidi unaotosha kuendeleza mruko ambao tayari umeanza, kwa kuwa chembe zinazoanguka husaidia kuziinua zilizolala. Duniani mpaka wa pili ni takriban asilimia 80 ya ule wa kwanza. Juu ya mipaka hiyo, mchanga unaosafirishwa huongezeka kwa kasi ya kutisha: nguvu ya upepo juu ya ardhi ikizidi mara mbili, mchanga huzidi karibu mara nane.

Hesabu hizo zinaeleza pia kwa nini mahali pengi hapa nchini hapana matuta. Kagondo, wilayani Muleba mkoani Kagera, upepo wa Ziwa Victoria unavuma kama mahali pengine, lakini mvua ni nyingi na ardhi imefunikwa na migomba na majani. Udongo wenye unyevu hushikamana, na mimea huuzuia upepo usifike kwenye udongo. Mruko wa kwanza haupatikani, na bila mruko wa kwanza hakuna wa pili.

Mwaka 1938 Bagnold alirejea katika jangwa la Libya ili kulinganisha vipimo vya maabara na dhoruba halisi. Vililingana. Aliandika kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na matuta ya jangwani, kikachapishwa mwaka 1941, na hadi leo wanafunzi wa fani hiyo hupitia humo.

Ndani ya kitabu hicho mna mlinganyo mfupi unaoeleza ni upepo gani unaoweza kuinua chembe. Unahitaji mambo manne tu: ukubwa wa chembe, uzito wake kwa ujazo, uzito wa hewa kwa ujazo na nguvu ya uvutano. Mtu aliyeyatazama majangwa ya Dunia pekee angeweza kuandika namba ya uvutano wa Dunia na kuendelea na shughuli zake. Katika mlinganyo huo uvutano ulibaki herufi. Kwa kuwa ni herufi, yeyote anaweza kuweka namba ya ulimwengu mwingine mahali pake.

Lakini kabla ya ulimwengu mwingine ilikuja vita. Mwaka 1939 Bagnold aliitwa tena jeshini na kupangiwa kituo cha Afrika Mashariki, nchini Kenya. Meli iliyombeba iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, na abiria wakashushwa Port Said kungoja matengenezo. Alipanda treni hadi Cairo kuwatembelea marafiki wa zamani. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika eneo hilo, alipopata habari kuwa mjuzi wa jangwa yuko mjini, aliamuru abaki Misri. Kenya ikamkosa.

Katikati ya mwaka 1940, baada ya Italia kuingia vitani, Wavell alimpa ruhusa na wiki sita za kuunda kikosi cha magari cha kupenya nyuma ya maadui kupitia jangwani. Wengi wa askari wa kwanza walikuwa wafugaji na wakulima kutoka New Zealand waliozoea kutunza mashine. Kikosi hicho kilivuka Bahari Kuu ya Mchanga, sehemu ambayo Waitalia hawakuilinda kwa kuamini haipitiki, kikashambulia vituo vyao na kupeleka taarifa za mienendo yao. Bagnold alikiongoza hadi mwaka 1941, akapandishwa baadaye kuwa Brigedia, na kustaafu kwa mara ya pili mwaka 1944. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ambayo wengi wanaoipata wametumia maisha yao yote vyuoni.

Alioa mwaka 1946, akiwa na miaka 50, na kupata watoto wawili. Kwa miaka mingi iliyofuata aligeukia mito, akichunguza jinsi maji yanavyobeba mchanga na kokoto, na kushirikiana na wataalamu wa idara ya jiolojia ya Marekani. Huenda hadithi yake ingeishia hapo, kwenye tope la mito.

Mwaka 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika Mirihi na kukuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi. Ilibidi kingoje. Vumbi lilipotulia, picha zilionyesha matuta ya mchanga. Ghafla swali la Bagnold la jangwa la Libya likawa swali la sayari nyingine: ni upepo gani unaoweza kuinua chembe mahali ambapo chembe ni nyepesi lakini hewa nayo karibu haipo?

Mlinganyo wake ulitoa jibu la kwanza. Kama uvutano mdogo wa Mirihi ungekuwa tofauti pekee, chembe ingeinuka kwa upepo wa takriban asilimia 60 ya ule unaohitajika Duniani. Hata hivyo, hewa ya huko ina uzito wa takriban sehemu moja ya 60 ya hewa yetu, na hilo huongeza upepo unaohitajika karibu mara nane. Ukijumlisha yote mawili, upepo wa kuinua mchanga Mirihi unapaswa kuwa na nguvu karibu mara tano ya ule wa jangwa la Libya. Majaribio yalionyesha kuwa ni hata zaidi.

Majaribio hayo yalifanywa na Ronald Greeley na wenzake katika kituo cha Ames, California, ambako tangu mwaka 1976 lilikuwapo boksi la upepo ndani ya jengo linaloweza kupunguzwa hewa hadi kufanana na ya Mirihi. Hewa inaweza kutolewa kwa pampu. Uvutano hauna pampu. Watafiti walizunguka tatizo hilo kwa kutumia maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo ni mepesi kuliko mchanga, ili uzito wa chembe ukaribie ule wa mchanga ulioko Mirihi. Wengine walipeleka maboksi yao angani, katika ndege zinazopaa na kushuka kwa mkunjo hadi uvutano unapungua kwa sekunde chache. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walifanya hivyo, wakapata kuwa uvutano unapopungua chembe huinuka kwa upepo mdogo zaidi.

Mwaka 1977 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilimwalika Bagnold kutoa hotuba kuu katika kongamano kuhusu majangwa ya Dunia na ya Mirihi. Alikuwa na miaka 81. Wengi wa waliomsikiliza walikuwa hawajazaliwa wakati alipolivuka jangwa la Libya kwa gari la Ford.

Bagnold alifariki dunia Mei 28, 1990, akiwa na umri wa miaka 94. Kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kilichapishwa mwaka huo huo.

Tangu hapo mchanga na vumbi la Mirihi vimekuwa suala la hasara na faida. Gari la Spirit lilikwama kwenye udongo laini mwaka 2009, kama yalivyokuwa yakikwama yale ya Ford, lakini hapakuwa na mtu wa kutandika mabamba ya chuma chini ya magurudumu yake, na mawasiliano nalo yakakatika Machi 2010. Dhoruba ya vumbi ya mwaka 2018 ililinyamazisha gari la Opportunity. Chombo cha InSight kilikoma kufanya kazi Desemba 2022 baada ya vumbi kufunika paneli zake za umeme wa jua.

Tena Mirihi imezirekebisha hesabu za kale. Kwa muda mrefu ilikuwa fumbo jinsi matuta ya huko yanavyosogea wakati upepo wenye nguvu inayotakiwa ni nadra. Mwaka 2010 mtafiti Jasper Kok alionyesha kwa hesabu kwamba ile mipaka miwili aliyoigundua Bagnold imeachana sana huko. Katika uvutano mdogo na hewa nyembamba chembe hupaa juu zaidi na mbali zaidi, na hutua kwa kishindo kikubwa, kiasi kwamba mruko ukishaanza unaweza kuendelezwa kwa takriban sehemu moja ya kumi tu ya upepo ulioanzisha. Duniani ni asilimia 80. Mirihi ni karibu asilimia 10. Dhoruba fupi moja huamsha mchanga, na upepo wa kawaida huendelea nao.

Huko Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, hali ni kinyume. Uvutano wake ni takriban moja ya saba ya ule wa Dunia, lakini hewa yake ni nzito zaidi ya mara nne ya yetu, hivyo upepo wa taratibu unatosha. Rada ya chombo cha Cassini ilionyesha matuta marefu yaliyojipanga kandokando ya ikweta yake, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006.

Curiosity ilikaa katika Matuta ya Bagnold miezi kadhaa, ikachota mchanga na kuuchekecha, na ikarudi tena kwenye sehemu nyingine ya matuta hayo mwaka 2017. Ilipata viwimbi vya ukubwa usioonekana katika majangwa ya Dunia, vikipishana kwa takriban mita tatu, ambavyo watafiti mwaka 2016 walivieleza kuwa hufanana zaidi na vile vinavyojengwa na maji chini ya mito yetu. Kisha gari likapinda kando ya mchanga laini na kuendelea kupanda mlima. Matuta ya pale husogea hadi takriban mita moja kwa mwaka wa Dunia, wakati lile la Oldupai limekwisha kwenda mita 17.